Shukrani Ina Daftari Lake

Maneno ya mweka hazina anayekabidhi kazi, baada ya Misa ya Mavuno katika parokia moja mjini Malindi

Tumsifu Yesu Kristo!

Padre Paroko, masista, makatekista wetu, mwenyekiti na wajumbe wa baraza la parokia, wazee, mama zangu na baba zangu, vijana, na nyinyi watoto wa Utoto Mtakatifu mliokaa mkekani hapa mbele. Na majirani zetu Waislamu mliovuka barabara kuja kula nasi leo, karibuni sana. Tumezikana, tumeozana, tumechota maji mfereji mmoja. Sherehe hii ingepungua kitu kama msingekuwapo.

Leo daftari hili linatoka mikononi mwangu. Nimelishika miaka sita, tangu nilipostaafu ualimu, na kabla sijalikabidhi naomba niwaambie lililonifundisha kuhusu neno tunalolitamka kutwa kucha bila kulipima uzito: asante.

Nianzie mezani, maana wengi wenu hamjawahi kuiona meza ile. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili vikapu huletwa sakristia, tukakaa watu watatu, mlango ukiwa wazi. Watatu hao hawatoki nyumba moja. Sadaka inamwagwa juu ya kitambaa, noti zinawekwa upande wake, sarafu upande wake. Mnazijua sarafu zilizotoka mwaka 2018: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Mezani kwetu vifaru na simba ni wengi kuliko ndovu, nami nimejifunza kutomdharau kifaru. Noti nyingine huja zimekunjwa mara nne, mara tano, zimekuwa ndogo kama kidole cha mtoto mchanga, kwa sababu mwenyewe alizifunga kwenye pindo la leso tangu Ijumaa asije akazitumia. Nyingine zinanuka samaki. Nyingine zina ukavu wa chumvi, na ukizigusa unawajua walioko kule Gongoni na Marereni, wanaokomba chumvi juani kutwa nzima. Unaikunjua noti ya shilingi hamsini, unauona mkono wa mtu.

Tunahesabu kila mmoja kwa zamu yake, tunalinganisha, tunaandika, tunatia sahihi, fedha zinafungwa, Jumatatu zinakwenda benki. Nilipoanza kazi utaratibu huu uliniudhi. Nilijiuliza, kwani mimi siaminiki? Mzee aliyenitangulia, ambaye sasa ametangulia mbele za haki, akaniita kando akaniambia: "Mwalimu, hatukai watatu kwa sababu wewe ni mwizi. Tunakaa watatu ili asipatikane mtu wa kukuita mwizi." Maneno yale nimeyabeba miaka sita.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuuona msemo huo umeandikwa ukutani kwenye maduka. Mimi naona unafaa ukuta wa kanisa pia, na nitajaribu kuwaeleza kwa nini.

Katika Misa, kabla ya sala ile kuu ya Ekaristi, Padre hutualika: "Tumshukuru Bwana, Mungu wetu." Sisi hujibu nini? "Ni vema na haki." Tumelijibu tangu utotoni, mdomo unajibu wenyewe. Lakini sikilizeni hilo neno la mwisho. Kusema ni vema kungetosha kwa mtu mwenye adabu. Sisi tunaongeza haki. Na haki ni kitu anachostahili mwingine kutoka kwako, usipompa umemdhulumu. Hata jina Ekaristi limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kushukuru. Kwa hiyo kila Jumapili tunakuja kulipa haki ya mtu, na mtu huyo ni Mungu.

Mnaikumbuka habari ya wakoma kumi katika Luka, sura ya 17. Wote kumi walipona. Mmoja akarudi, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Bwana akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Biblia yetu ya zamani inasema kenda, na bibi yangu alihesabu hivyo hivyo: nane, kenda, kumi. Kwa miaka mingi niliwaona wale kenda kuwa watu wabaya. Siku hizi siwaoni hivyo. Walitii, waliambiwa waende kwa makuhani, wakaenda. Huenda walikuwa na furaha kubwa mioyoni, na huenda kila mmoja alipofika nyumbani alisema "Mungu ni mwema" mara mia. Kilichokosekana ni kurudi. Yule mmoja aligeuza miguu, akairudia njia ile ile hadi kwa aliyempa. Naamini shukrani ya kweli ina miguu, na inajulikana kwa kurudi pale ulipopewa kitu kuona kimefikia wapi.

Sasa nitawasimulia jambo linalonichoma mpaka leo.

Mnakumbuka miaka ya ukame, mvua zilipokataa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Katikati ya shida ile tulipewa tangi la lita elfu kumi, hili hapa nje, pamoja na mifereji yake. Mfadhili hakutaka jina, na sitalitaja. Tulilibariki, tukaimba, tukapiga picha. Baada ya miezi michache mfereji wa upande wa mwembe ukaanza kuvuja. Tone, tone, tone. Kila aliyepita aliuona, na kila aliyepita alisema, "Jamani, huu mfereji unavuja." Nami nilisema. Kilichoharibika ni raba ndogo, ya shilingi ishirini pale dukani.

Alasiri moja nilikuwa ofisini, dirisha liko wazi, naandika barua ya kumshukuru mfadhili yule. Nilitaka iwe barua nzuri. Mwalimu hupenda sentensi iliyonyooka, kwa hiyo nilifuta, nikaandika, nikafuta. Na wakati wote huo, nje ya dirisha, maji yake yalikuwa yakidondoka mchangani. Nikainua kichwa nikayasikia. Nikaiangalia barua, nikauangalia mfereji. Nikaona mkono wangu unaandika asante, na masikio yangu yamezoea upotevu.

Nilipotoka nje nilikuta mtoto wa kike, darasa la nne, ameshaweka kopo la rangi chini ya mfereji. Hakuambiwa na mtu. Kopo likijaa aliyabeba maji kwa mikono miwili, akayamwaga kwenye mche wa mwarobaini uliopandwa na vijana wakati wa Kwaresima, kisha akarudi kulitega tena. Alikuwa amefanya hivyo wiki nzima. Mwarobaini ule ndio huu mnaoegesha pikipiki kivulini mwake.

Mtoto yule alikuwa wakili wa tangi. Sisi tulikuwa watu wa kulisifu tu.

Nimelitaja neno wakili. Siku hizi tukilisikia tunafikiria koti jeusi na mahakama. Katika Maandiko wakili ni mtu mwenye funguo za nyumba isiyo yake. Analala humo, anakula humo, anaamrisha watumishi, lakini nyumba si yake, na ipo siku mwenye nyumba atamwambia kama alivyoambiwa yule wa Luka 16: "Toa hesabu ya uwakili wako." Mtakatifu Paulo anawauliza Wakorintho swali ambalo halina jibu: "Nawe una nini usichokipokea?" Nimelifikiria swali hilo nikihesabu vidole vyangu. Uhai nilipokea. Lugha hii ninayosema nilipokea. Imani nilipokea kwa mama aliyetembea na mimi mgongoni kwenda Misa. Hata nguvu ya kulima iliyoleta mahindi haya mbele ya altare, nani aliinunua?

Na tazameni jambo hili. Wakili, amana, sadaka, zaka: maneno haya sisi Wakristo tuliyakuta hapa mwambao. Majirani zetu Waislamu walikuwa nayo karne nyingi kabla yetu, na Biblia ya Kiswahili iliyachukua kwao. Zaka yao ni fungu moja katika arobaini ya fedha iliyokaa mwaka mzima ikitimia kiwango. Zaka tunayosoma katika Malaki ni fungu la kumi. Hesabu ni tofauti lakini neno ni moja. Tena wenzetu wana neno jingine ambalo ninalitamani, nalo ni wakfu. Mtu akitia kisima chake wakfu, kisima kile hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kinabaki kunywesha watu. Ukitembea Malindi au Lamu, kuna shamba, kuna nyumba, kuna kisima vilivyoachwa hivyo na watu ambao makaburi yao hayaonekani tena, na bado vinafanya kazi waliyoviachia. Ningependa tulitazame lile tangi kwa jicho hilo.

Nami ni Mgiriama, kwa hiyo naomba niongeze neno la nyumbani. Kanisani, kigango ni lile kanisa dogo lililo chini ya parokia. Nyumbani kwetu, kigango ni ule ubao uliochongwa kwa heshima ya mzee aliyefariki akiwa wa Gohu, chama cha heshima cha wazee wetu. Sijasimama hapa kuhubiri habari za mila. Nataka tukumbuke yaliyovipata vigango vile. Ubao ule huwa hauondolewi pale uliposimikwa. Unaachwa mpaka mchwa na mvua viumalize. Lakini miaka ile biashara ya sanaa ilipopamba moto, viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wenye maduka, vikaishia katika nyumba za makumbusho Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia iliyokuwa imeibiwa, na baadaye vingine vikafuata. Aliyenunua alidhani amenunua mti. Familia ilijua kimeondoka kitu ambacho haikuwa na mamlaka ya kukiuza, maana kilikuwa cha marehemu, wao wakiwa walinzi tu. Nikifikiria makanisa yetu madogo kule vijijini, kuta zilizokandikwa na mikono ya watu ambao sasa tunawaombea katika Misa za wafu, naona maana zile mbili za neno kigango haziko mbali sana.

Sisi wa hapa tumepokea vingi, na tulivipokea mapema. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akiwa safarini kwenda Goa, alitia nanga hapa Malindi. Alimzika mtu mmoja aliyefariki chomboni, na hadi leo lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, karibu na bahari, linatukumbusha wakati ule. Katika barua aliyoandika baadaye kutoka Goa, alisimulia kwamba mmoja wa wakubwa wa mji alimwuliza kama makanisa ya Wakristo yanajaa watu wakati wa sala. Mzee yule alisikitika kwamba mjini mwake kulikuwa na misikiti 17, lakini watu walikuwa wakienda katika mitatu tu. Ni swali la mcha Mungu aliyeumizwa na kupoa kwa watu wake. Miaka karibu mia tano imepita, na majirani zetu wanaijaza misikiti yao, tunawasikia alfajiri. Nadhani swali la mzee yule wa Malindi bado linazunguka mjini, na safari hii limebisha kwetu. Jumapili ya Matawi hakuna pa kukaa. Jumapili ya kawaida, mvua ikinyesha kidogo, ninyi wenyewe mnaziona benchi.

Halafu jimbo letu. Tarehe 2 Juni 2000 Malindi ilitengwa na Jimbo Kuu la Mombasa ikawa jimbo, kuanzia sehemu ya Kilifi, Tana River yote, hadi Lamu. Askofu wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa mtawa Mkapuchini kutoka Malta. Alifariki mwaka 2009. Aliyemfuata, Emanuel Barbara, naye Mkapuchini wa Malta, alifariki Januari 2018. Kisha mwishoni mwa 2020 Baba Mtakatifu akamteua Askofu wetu Willybard Lagho, mtoto wa Pwani hii. Nawataja kwa sababu nyuma ya majina hayo kuna watu wengi wa ng'ambo, Wamalta kwa Waitaliano, waliochanga wasituone kwa macho. Visima, zahanati, madarasa. Wengi wao sasa ni wazee, na wengine wamekwisha kufa.

Tuna methali kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mambo yaligeuka: mgeni alilishika jembe siku ile ile ya kwanza, na mwenyeji akakaa kivulini kumpongeza. Maaskofu wa Afrika Mashariki walishaliona. Katika miaka ya 1970, mwaka 1973 na tena 1976, walikaa Nairobi wakasema Kanisa hapa lisimame kwenye jumuiya ndogo ndogo, lijihudumie, lijieneze na lijitegemee. Jumuiya zetu za kusali nyumba kwa nyumba zimetoka huko. Kusali tunasali. Kujitegemea bado tunakutafuta, na sisemi hivi kwa kuwalaumu maskini. Daftari ninalo mimi. Najua nani anatoa. Mara nyingi anayetoa kila wiki bila kukosa ni yule ambaye ungetegemea yeye ndiye apewe.

Hapa lazima niseme juu ya jeraha la upande wetu, maana siwezi kusimama Malindi nizungumzie kutoa na kutii halafu nilipite. Mwaka 2023, kule Shakahola, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya mia nne, wakiwamo watoto wengi. Waliambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Malori ya maiti yaliingia mji huu, na harufu ile wengine wenu mliisikia. Tangu siku hiyo mimi hushika sadaka kwa hofu mpya. Mtu akimpa mhubiri nyumba, shamba, na mwisho mtoto, na mhubiri asiwe na wa kumwuliza, hiyo haina tena jina la ibada. Mungu wetu alimzuia Ibrahimu mkono. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkimsikia mtu yeyote, hata akiwa Mkatoliki, hata akiwa mimi, anasema "toeni wala msiulize", ulizeni. Sheria za Kanisa zenyewe zinawapa nafasi hiyo. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi awe na bidii ya mwenye nyumba mwema. Na ya 1287 inasema waamini wapewe taarifa ya mali waliyoitoa wao. Kwa hiyo kuuliza hesabu si utovu wa heshima kwa Padre. Unamsaidia alale usingizi.

Nimeona kimya kinavyoweza kuua. Katika kigango kimoja ambacho sitakitaja, kabla sijaanza kazi, watu walichanga fedha za mabati. Kila nyumba ilitoa, hata bibi mmoja aliyeuza kuku wake wawili. Ukapita mwaka, paa halijaonekana, na hakuna aliyesimama kusema lolote. Minong'ono ikaanza kisimani, ikafika sokoni. Bahasha za zaka zikawa zinarudi tupu, na watu wengine wakaacha hata kuja kusali. Nilipotumwa kwenda kuangalia, nilikwenda nikitetemeka. Nikafungua kitabu cha benki. Fedha zote zilikuwamo, hata shilingi moja haikupungua; zilikuwa hazijatosha bei ya mabati, basi. Hakukuwa na mwizi. Viongozi waliona haya kusema hazijatosha, nao watu wakaona haya kuuliza, na katikati ya haya mbili imani ya jumuiya nzima ikayeyuka. Siku tuliposoma hesabu ile chini ya mkorosho, mstari kwa mstari, bibi yule wa kuku alilia. Kisha akasema, "Kumbe kuku wangu wako." Miezi minne baadaye paa lilipigwa.

Ndiyo maana tangu wakati ule mnanisikia kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya matangazo, nasoma: sadaka kiasi hiki, zaka kiasi hiki, waliotuma kwa M-Pesa kiasi hiki, umeme, mafuta ya pikipiki ya katekista, dawa za mgonjwa fulani bila kumtaja jina. Wapo walioniambia inachosha. Najua inachosha. Naomba anayenipokea asiache.

Kuna daftari la pili, na hili watu wachache wanajua kuwa lipo. Ni kitabu cha mazoezi cha kurasa 96, cha shule. Humo nimeandika visivyo na stakabadhi. Kijana wa bodaboda aliyempeleka Padre usiku wa manane kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu kule bara, barabara ya mchanga, akakataa hata bei ya petroli. Mama anayefua vitambaa vya altare kwa mkono na kuvianika ndani, kuku wasivikanyage. Fundi aliyekuja kupima benchi moja akatengeneza saba. Mzee anayefika saa kumi na moja kufungua mlango na kufagia popo waliomwaga uchafu usiku. Msichana anayemshika mkono bibi kipofu hadi kwenye komunyo, kila wiki, miaka mitatu. Mwenye kitabu hiki akiulizwa jumla, hana jumla. Lakini nawaambia, tukifunga hesabu za mwaka nikaona fedha zimepungua, huwa nakifungua hiki, nikaona parokia haikufilisika.

Na shamba pia tumeachiwa. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unateremka mwekundu, bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa, watalii wananung'unika. Yale si matope tu. Ni shamba la mtu linapita, udongo wa juu uliolisha babu yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Sisi tulioleta mahindi, korosho, nazi na maembe mbele ya altare asubuhi hii, tumemletea Mungu matunda ya udongo ule. Haitakuwa haki kuuacha uende baharini kwa uvivu wa kutopanda mti ukingoni. Kuhusu miche, vijana wana habari, wataeleza wenyewe.

Mnada unaanza baada ya chakula. Ombi langu moja tu: mwenye uwezo anunue kwa moyo, na yule asiye na kitu asimame pamoja nasi bila kuona haya. Mwaka jana niliwaona wawili wakitoka kwa mlango wa nyuma wakati mbuzi anapigiwa bei, na mwaka huu nimewaketisha karibu nami.

Mtaniwia radhi nikishindwa na sauti kidogo. Nimewapenda katika kazi hii. Nilidhani nitakuwa mlinzi wa fedha, nikajikuta mlinzi wa mikono yenu, ile niliyokuwa naiona nikikunjua noti. Kama nimemkwaza yeyote kwa ukali wa kudai risiti, anisamehe. Risiti zenyewe ziko kwenye faili, zote.

Mstari wa mwisho niliouandika ni wa leo asubuhi. Mtu alileta mayai sita yaliyofungwa kwenye kanga, akasema ni ya kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyetoka hospitali. Nikamwuliza niandike jina gani. Akasema, "Andika tu, yamefika." Nimeandika hivyo.

Mwenyekiti, njoo upokee. Daftari la fedha hili, limekaguliwa hadi Ijumaa. Kitabu cha shule hiki, kimebaki na kurasa kumi na moja. Funguo ni tatu: huu wa sanduku, huu wa kabati la faili, na huu mdogo wenye uzi mwekundu ni wa kile kisanduku kilicho ukutani karibu na tangi. Ndani yake mna raba tano za mfereji na spana.